Susafoni Kubwa za Zamani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mtu akinikuta nimejivika lile dude langu la shaba, huwa hanisalimu kwanza. Huuliza. Maswali ni yaleyale miaka nenda miaka rudi, kwa hiyo nimeona niyajibu yote mahali pamoja. Mengine ni ya watu wanaopita tu, mengine ni ya wale ambao tayari wamekwishaona moja inauzwa mahali na usingizi umewapotea. Hao wa pili ndio ninaowaandikia hasa.

Susafoni ni nini, na ina tofauti gani na tuba?

Ni tuba iliyokunjwa ikamzunguka mtu. Badala ya kuipakata mapajani, unaingia ndani yake: bomba linapita kiunoni upande wa kulia, linapanda mgongoni, linalala juu ya bega la kushoto, kisha faneli (ile sehemu pana iliyofunuka kama ua) inatokeza juu ya kichwa na kutazama mbele. Mkono wa kulia unabonyeza vali, yaani vitufe vinavyorefusha njia ya hewa ili noti ishuke. Susafoni nyingi ni za B flati ya chini, ile ambayo watengenezaji huiandika BB♭, na bomba lake ukilinyoosha linafika karibu mita 5.5. Ziko pia za E flati, ambazo ni fupi zaidi, karibu mita 4.

Jina limetoka wapi?

Kwa John Philip Sousa, Mmarekani aliyeongoza bendi ya wanamaji wa Marekani kuanzia 1880 hadi 1892, kisha akaanzisha bendi yake mwenyewe. Katika bendi ya wanamaji walikuwa wakitumia helikoni, ala inayofanana na susafoni lakini faneli yake ni ndogo na imeelekea pembeni. Barabarani ilifaa. Ukumbini, Sousa aliona sauti yake inachomoza mno mbele ya wenzake. Alitaka besi iwe juu ya bendi nzima, ienee kama wingu. Mwaka 1893 J.W. Pepper wa Philadelphia akatengeneza ala ya namna hiyo, na mwaka 1898 C.G. Conn naye akatoa ya kwake, ambayo ndiyo iliyoingia kwenye bendi ya Sousa.

Faneli za mwanzo zilitazama juu moja kwa moja. Wamarekani wakazibandika jina la utani la mdaka-mvua, na ukipiga gwaride siku ya mawingu unaelewa kwa nini. Zile zinazotazama mbele zilikuja baadaye, mwanzoni mwa karne ya 20.

Mnaposema "kubwa" mna maana gani? Si zote ni kubwa?

Kwa macho ya mpita njia, ndiyo. Tuweke kipimo basi. Faneli ya kawaida ina upana wa inchi 26, yaani sentimita 66. Conn 20K, ambayo wengi wetu huitumia kama mizani ya kupimia nyingine zote, ina faneli hiyo na tundu (upana wa ndani wa bomba) la milimita 18.6 kwenye vali, na yenyewe tayari ni ala ya mtu mzima. Ninapoandika hapa "kubwa" nazungumzia zile zinazoizidi hiyo: faneli ya inchi 28 au zaidi, tundu pana zaidi, na hasa bomba linalonenepa haraka tangu linapotoka kwenye vali. Ukiziweka mbili sakafuni kando kwa kando, huhitaji futi. Ya kawaida inaonekana kama mtoto wa ile nyingine.

Watengenezaji wenyewe hawakuficha walichokuwa wakifanya. Conn walikuwa na Grand Jumbo, King wakawa na Jumbo, Martin wakaita besi yao kubwa Mammoth, York wakaita zao Monster. Tembo, mnyama wa kale mwenye manyoya, zimwi. Huo ndio ushindani wa biashara ulivyokuwa.

Kwa nini zilitengenezwa kubwa namna hiyo, na kwa nini hazitengenezwi tena?

Fikiria dunia isiyo na kipaza sauti. Bendi ya watu hamsini inapiga uwanjani, upepo unavuma, na besi zote za muziki huo zinategemea pumzi za watu wachache waliosimama nyuma. Suluhisho lilikuwa kuongeza shaba. Kuna na sababu ya studio: kabla ya mwaka 1925, wakati kurekodi kwa umeme kulipoanza kushika kasi, muziki uliingia kwenye sahani ya santuri kwa nguvu ya sauti yenyewe kupitia pembe, na besi ya nyuzi ilikuwa haisikiki vizuri. Tuba na susafoni zilisikika. Ndiyo maana katika bendi za jazi za miaka ya 1920 anayeshika besi mara nyingi ni mpulizaji.

Kisha mambo yakageuka kwa pamoja. Maikrofoni zikaboreka na besi ya nyuzi ikarudi. Mwaka 1942 viwanda vya ala Marekani vikaamriwa kuacha ala na kutengeneza vifaa vya vita, na shaba ikaenda huko. Amani iliporudi, wateja wakubwa walikuwa shule, na shule inataka kitu ambacho kijana wa miaka kumi na nne ataweza kukibeba. Mwaka 1951 Fender akatoa gitaa lake la besi la umeme. Nani tena angetengeneza zimwi?

Je, inatoa sauti kubwa zaidi kuliko ya kawaida?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na jibu langu huwaudhi watu: si sana. Mpulizaji hodari mwenye susafoni ya kawaida anaweza kukuzidi kelele ukiwa na Grand Jumbo, na tena kwa urahisi.

Kinachotofautiana ni umbo la sauti. Chukua noti ya B flati ambayo mpulizaji wa besi anaipiga kutwa. Ni mitetemo 58 kwa sekunde, na wimbi lake hewani lina urefu wa karibu mita 6. Mbele ya wimbi la mita 6, faneli ya sentimita 66 au 75 ni tundu dogo tu, na sauti hiyo ya chini inasambaa pande zote, mbele, nyuma, chini ya meza. Faneli inachoelekeza mbele ni zile sauti za juu zinazopanda juu ya noti yenyewe, ndizo zinazoipa ukali na kingo. Ala nyembamba ina sauti hizo za juu kwa wingi, kwa hiyo inakata na kupenya. Ala nene inazipunguza. Kinachobaki ni noti yenyewe, mviringo, pana, bila kingo.

Matokeo yake utayaona ukipiga polepole. Nilipoipuliza yangu mara ya kwanza nilijaza mapafu nikataka kuvunja madirisha, na nilichopata ni sauti iliyofumuka kama unga wa moto. Nikakata tamaa. Baada ya dakika chache, kwa uchovu tu, nikapiga noti moja ndefu kwa pumzi ndogo. Kiti nilichokalia kikaanza kutetema. Kikombe mezani kikalia. Sikuwa napiga kwa nguvu hata kidogo, na chumba kizima kilikuwa kimejaa. Tangu siku hiyo nikajua nilichonunua. Anayetaka kelele atafute ala ndogo yenye tundu jembamba, itamhudumia vizuri na mgongo wake utamshukuru. Dude hili ni la mtu anayetaka kupiga taratibu na bado asikike hadi mwisho wa ukumbi, au tuseme, ahisiwe, maana wasikilizaji mara nyingi hawajui sauti inatoka wapi.

Kuna gharama yake. Ala kubwa inachelewa kujibu. Unapuliza, kisha kama kuna kitambo kidogo, kisha noti inakuja. Kwa nyimbo za kasi zenye noti nyingi fupi utahisi unakimbia ndani ya maji.

Ni lazima niwe na mapafu makubwa?

Hapana, lakini lazima ujue kuvuta pumzi. Mapafu ya mtu mzima yana nafasi ya lita kama 4 hadi 6, na noti ya chini ikipigwa kwa nguvu inaweza kula zaidi ya lita moja kwa sekunde. Fanya hesabu. Hakuna binadamu anayelijaza dude hili kwa ubavu. Wanaofanikiwa ni wale wanaopumua mara nyingi, kwa kinywa kilicho wazi, bila aibu, hata katikati ya sentensi ya muziki. Nimewaona watu wembamba wakiipiga ikatulia kama bahari, na majitu yenye vifua vipana yakiishiwa pumzi katika mstari wa pili.

Ina uzito gani? Mgongo utastahimili?

Susafoni za shaba huanzia kilo 14 hivi, na hizi kubwa zinakaribia kilo 20 au kuzipita. Uzito wote unaning'inia bega la kushoto. Weka pedi nene begani, si taulo iliyokunjwa. Simama magoti yakiwa yamelegea. Usiinue kwa kushika faneli wala mirija ya vali: shika lile duara kubwa kwa mikono miwili, pitisha kichwa, ndipo utue begani. Kwa mazoezi ya nyumbani tafuta kiti chenye stendi ya kuibeba ala, au uketi na kulaza sehemu ya chini ya duara kwenye kiti. Mimi nikipiga zaidi ya nusu saa nakaa. Sioni haya.

Vali tatu au nne?

Ukipata ya nne, ichukue. Vali ya pili inashusha nusu toni moja (ile hatua ndogo kati ya noti na jirani yake), ya kwanza mbili, ya tatu tatu. Ukizibonyeza pamoja, hesabu ya urefu wa bomba haitoshi na noti inakuwa juu kuliko inavyotakiwa. Vali ya nne, inayoshusha nusu toni tano peke yake, inatibu sehemu kubwa ya ugonjwa huo. Tena inakufungulia noti zilizo chini ya E ya chini, ambazo kwa vali tatu huzipati ila kwa kubahatisha. Ubaya wake ni uzito, na uchache: nyingi zilizobaki zina tatu. Mwenye tatu atajifunza kuvuta mrija wa vali ya kwanza kwa mkono wa kushoto huku akipiga. Si adhabu, unazoea.

Nimeona moja imegongwa mhuri wa "HP". Ni nguvu za farasi?

Ningependa iwe hivyo. Ni onyo: herufi hizo ni "high pitch", yaani mkao wa juu. Zamani bendi nyingi zilipiga katika mkao wa juu, ambapo noti ya A ilikuwa karibu mitetemo 457 kwa sekunde badala ya 440 tunayoijua. Chama cha wanamuziki cha Marekani kilikubali 440 mwaka 1917, na baada ya hapo ala za mkao wa juu zikaanza kutoweka. "LP" ni mkao wa chini, ndio unaoutaka. Ala ya HP iko juu kwa zaidi ya nusu ya nusu toni, na kuishusha kunahitaji kuongeza karibu sentimita 20 za bomba. Hilo fundi anaweza. Tatizo ni kwamba mirija ya kila vali nayo ni mifupi kwa kiwango hichohicho, na yote itataka kurefushwa. Kama unataka kuipiga peke yako sebuleni, chukua. Kama una wenzako, achana nayo.

Nimepata inayouzwa. Nikague nini kabla ya kutoa pesa?

Ya kale ni dhahabu, husema watu, lakini hizi ni shaba, na shaba huoza. Anza hapo. Shaba ya ala ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki, na kwa miaka mingi unyevu wa pumzi unaila ile zinki kutoka ndani. Dalili ni madoa ya rangi ya waridi, mara nyingi yenye kitovu cheusi au kijani katikati. Yatafute kwanza kwenye shingo, yaani kipande kilichopinda karibu na kipulizio, na kwenye mirija inayofuata. Doa moja shingoni si mwisho wa dunia, kwa sababu shingo hubadilishwa. Madoa kwenye matawi makubwa ya bomba ni habari nyingine.

Kisha vali. Usibonyeze kitu. Shika mrija wa vali moja na uuvute kwa ghafla. Ukisikia "pop" ya nguvu, pistoni bado inaziba vizuri. Ukisikia kimya, hewa inavuja kati ya pistoni na kasha lake, na ala itakuwa na noti za chini zilizolegea hata upulize vipi. Fundi mzuri anaweza kuzichovya pistoni utando mpya wa metali na kuzisaga zikae sawa, ila kazi hiyo inaweza kuzidi bei uliyonunulia ala yenyewe, na muuzaji hatakwambia.

Mabonyeo usiyaogope sana. Ala yenye umri wa miaka 90 isiyo na bonyeo ama ilikaa kabatini kwa sababu ilikuwa mbovu tangu mwanzo, ama imenyooshwa upya na shaba yake sasa ni nyembamba kama karatasi. Bonyeo kwenye faneli ni la macho tu. Bonyeo kwenye shingo au karibu na vali, pale bomba lilipo jembamba, ndilo linaloharibu sauti. Na mirija iliyokwama ni mazungumzo mazuri ya kupunguza bei, maana fundi huizibua.

Mwisho, dai kipande kimoja kimoja: shingo, vipande viwili vidogo vya kuunganishia kipulizio, faneli, na skrubu zake tatu. Mimi yangu niliuziwa ikiwa "kamili", nikafika nayo nyumbani nikagundua vile vipande viwili havimo. Mbuzi kwenye gunia. Vipande vya ala nyingine vilikataa kuingia, na ilinichukua muda mrefu kupata vinavyokaa.

Faneli imepotea. Naweza kuweka ya ala nyingine?

Inategemea pete ya kuunganishia, na kila mtengenezaji alikuwa na yake. Hata ikiingia, kama unene wake haulingani na pale bomba linapoishia, noti zitahama. Nimesikia mchanganyiko uliofanikiwa vizuri ajabu. Nimesikia pia mchanganyiko uliolia kama ndoo.

Ning'arishe?

Taratibu! Nyingi za miaka ya 1920 na 1930 zilichovywa fedha, zikaachwa na uso usiong'aa kama wa barafu, na ndani ya faneli zikapakwa dhahabu nyembamba sana. Kisha mchongaji akakaa nazo na kuchora maua, mandhari, wakati mwingine mwanamke, kwa mkono. Kila unapopitisha dawa ya kusugulia unaondoa fedha kidogo, na michoro hiyo ikishafutika hairudi. Weusi wa fedha unatokana na salfa iliyo hewani na haudhuru ala. Mimi naosha kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini, nakausha kwa kitambaa, basi. Ndani ya shingo napitisha brashi ndefu inayopinda, mara nyingi kuliko wengine wanavyofanya, kwa sababu huko ndiko uozo unakoanzia. Maji ya moto hapana: kama ala ina vanishi itabanduka vipande vipande.

Kwa nini nisinunue ya faibaglasi, iliyo nyepesi?

Kwa gwaride la kutwa nzima juani, nunua. Haitakupa kile kikombe kinacholia mezani.

Nitumie kipulizio gani?

Chenye kina kirefu na kipana, lakini usizidishe. Wapya wengi wanadhani ala kubwa inadai kipulizio kikubwa kuliko vyote, wanapata sauti isiyo na kiini. Ala yenyewe tayari ina giza la kutosha, kwa hiyo kipulizio cha kiasi kinaipa mwanga kidogo. Hakikisha tu shina lake linaingia sawasawa. Likicheza au likisimama mapema, utalaumu ala kwa kosa la kipande kidogo.

Inafaa muziki gani?

Chochote kinachotaka ardhi chini yake. New Orleans ndiko susafoni ilikobaki hai barabarani bila kukatika: Anthony Lacen, waliyemwita Tuba Fats, Kirk Joseph wa Dirty Dozen Brass Band iliyoanza 1977, na Philip Frazier wa Rebirth Brass Band iliyofuata 1983. Wasikilize hawa kabla ya kuniuliza swali lingine lolote. Watakuonyesha kwamba besi ya kupulizwa inaweza kutembea, kucheza na kutania. Wengi wao, kwa haki, hawatumii mazimwi. Mistari yao ni ya kasi.

Katika muziki wa "banda" (ndivyo Wameksiko wanavyoziita bendi zao za ala za kupuliza) wa Sinaloa, Meksiko, susafoni imekuwa kitovu cha bendi, kiasi kwamba mwaka 2011 na 2012 shule kadhaa za kusini mwa California zikaanza kuibiwa susafoni zao, hali zana nyingine zikiachwa palepale. Na katika Chuo Kikuu cha Ohio State, tangu 1936 bendi huandika neno "Ohio" uwanjani kwa miili ya wanabendi, na nukta ya herufi "i" huwekwa na mpiga susafoni, akiinama na kofia mkononi. Hakuna anayempa heshima hiyo mpiga klarineti.

Dude kubwa la zamani, kwa maoni yangu, linang'aa zaidi katika bendi ya ukumbini, katika jazi ya mwendo wa polepole, na katika nyimbo za ibada. Popote penye noti ndefu.

Naihifadhi wapi?

Si kwa kuisimamisha juu ya faneli, ingawa inaonekana kama imeumbwa kusimama hivyo. Ukingo utapinda. Ondoa faneli, ilaze chali mahali pasipokanyagwa, na duara lining'inie kwenye kigingi kipana kilichozungushiwa kitambaa au likae kwenye stendi yake. Kasha la zamani, ukibahatika kulipata, ni kubwa kama jeneza na lenyewe lina uzito wa kutisha. Na kabla ya kununua pima milango yako. Niamini hapo.

Majirani?

Kuta huzuia sauti za juu. Sauti za chini zinapita kama hazijaona ukuta. Jirani yangu wa upande wa pili alikuja kuuliza kama ni friji yangu inayonguruma, nikamkaribisha ndani aone. Sasa anajua ratiba yangu, na Jumapili mchana ananigongea ukutani nikichelewa kuanza.